Jinsi Mimea Itoayo Maua Ilivyovuka Bahari na Kuzaa Spishi Mpya Visiwani

Visiwa vya Hawaii viko takriban kilomita 3,700 kutoka bara lililo karibu navyo zaidi. Havijawahi kuungana na nchi nyingine yoyote. Vilipanda kutoka sakafu ya bahari kwa nguvu ya volkano, vikiwa mwamba mtupu usio na hata mzizi mmoja. Hata hivyo, kabla binadamu hajakanyaga huko, vilikuwa na spishi za mimea itoayo maua zipatazo 1,000, na karibu tisa katika kila kumi hazioti kwa asili mahali pengine popote duniani. Wataalamu waliozipanga spishi hizo kwa koo wanakadiria kwamba zote ni uzao wa wageni kama 270 hivi: mara 270 mbegu ilifika, ikaota, ikaacha kizazi. Katika safu hiyo ya visiwa, milima mirefu ya kutosha kubeba misitu imekuwepo kwa takriban miaka milioni 30. Ukigawanya, unapata mgeni mmoja aliyefaulu kwa kila miaka 100,000 na ushei.

Hesabu hiyo inabadili swali. Wengi huuliza mbegu ilivukaje bahari, na swali hilo lina majibu mazuri yaliyojaribiwa. Lakini katika miaka 100,000 makundi ya ndege wahamao hupita mara 100,000 kwenda na mara 100,000 kurudi, na matawi yaliyosombwa na mito hadi baharini hayana idadi. Safari zimekuwa nyingi. Kinachotaka ufafanuzi zaidi ni kwa nini waliofaulu ni wachache kiasi hicho, na kwa nini wachache hao walizaa spishi nyingi namna hiyo. Sehemu kubwa ya jibu la maswali yote mawili imo ndani ya ua lenyewe, katika suala la nani atakayebeba chavua, ule unga wa kiume wa ua.

Kisiwa cha bahari kuu si kila kisiwa

Kwanza tutenganishe visiwa vya aina mbili, kwa sababu kuvichanganya kumeleta makosa mengi. Kisiwa cha bahari kuu ni kile kilichozaliwa baharini, kwa volkano au kwa matumbawe juu ya volkano iliyozama, na hakijawahi kuwa sehemu ya bara. Hawaii, Galápagos, Kanari, Juan Fernández, St Helena, Réunion na Mauritius ni vya aina hiyo. Kila mmea wa asili ulioko huko, au babu yake, ulivuka maji.

Visiwa vya mawe ya matale vya Shelisheli ni habari nyingine. Hivyo ni vipande vya bara la kale vilivyobaki nyuma India ilipojitenga na kwenda kaskazini, yapata miaka milioni 65 iliyopita. Ndiyo maana kisiwa cha Praslin kinaweza kuwa na mnazi wa Shelisheli, Lodoicea maldivica, wenye mbegu nzito kuliko mimea yote duniani. Mbegu hiyo ikiwa hai huzama majini. Zile zilizookotwa zamani kwenye fukwe za mbali zilikuwa zimekwisha kuoza ndani na kubaki ganda. Mmea wa namna hiyo usingefika kisiwa cha volkano katikati ya bahari hata ungepewa miaka milioni mia, na kweli hakuna uliofika.

Njia tatu, na mzigo ambao kila moja hubeba

Katika miaka ya 1850 Charles Darwin alitia mbegu katika maji ya chumvi na kuhesabu siku. Kati ya aina 87 alizojaribu, 64 ziliota baada ya kulowa siku 28, na chache zilistahimili siku 137. Matokeo hayo yalionekana kumaliza ubishi, mpaka alipotambua kwamba mbegu nyingi zinazostahimili chumvi huzama upesi, na mbegu iliyozama haiendi popote. Akajaribu tena kwa matawi yenye matunda, mabichi na makavu. Mabichi yalizama mapema. Kati ya aina 94 zilizokaushwa, 18 zilielea zaidi ya siku 28. Kwa mwendo wa wastani wa mikondo ya Atlantiki aliyoutumia, siku 28 ni umbali wa karibu kilomita 1,490. Hapo ndipo mipaka ya njia ya maji inapoonekana: mmea unahitaji sifa mbili kwa pamoja, kuelea na kustahimili chumvi, na mimea mingi ina moja tu.

Mimea iliyo na zote mbili imejengwa kwa kazi hiyo. Nazi ina kumbi linaloshika hewa. Tunda la mkungu, Terminalia catappa, lina tabaka jepesi kuzunguka kokwa. Mbegu za baadhi ya jamii ya kunde zina uwazi wa hewa katikati ya nusu zake mbili na ganda gumu lisilopitisha maji. Lakini njia hii ina gharama ambayo haitajwi mara nyingi. Mbegu iliyoletwa na wimbi hutupwa ufukweni, kwenye mchanga na chumvi, na ni mmea wa ufukweni tu unaoweza kuishi hapo. Tena mbegu nyingine za aina ileile huendelea kuletwa mwaka hadi mwaka, zikichanganya damu ya zamani na mpya. Kwa hiyo mimea ya pwani za tropiki hufanana kutoka bahari moja hadi nyingine, na ni nadra kuzaa spishi mpya bila kuhama kwanza na kupanda milimani.

Upepo hubeba vumbi: spora za kangaga, na mbegu zilizo ndogo na nyepesi kama za Metrosideros, mti uliotawala misitu ya Hawaii. Kwa mbegu za kawaida, hata zile zenye manyoya, umbali wa maelfu ya kilomita ni mkubwa mno kwa upepo pekee.

Wabebaji wakuu ni ndege. Sherwin Carlquist, aliyechunguza mimea ya visiwa vya Pasifiki kwa miongo kadhaa, alikadiria kwamba robo tatu hivi ya wageni wa maua waliofaulu Hawaii walikuja na ndege, karibu robo kwa maji, na asilimia moja na kitu tu kwa upepo. Ndege hubeba kwa njia kadhaa. Mbegu humezwa pamoja na tunda. Hunasa kwenye manyoya kwa vijiba au kwa ute. Au huja na tope la miguuni. Darwin alichukua tope la bwawa ambalo likikauka lilikuwa na uzito wa gramu 190 hivi, akalitunza likiwa limefunikwa kwa miezi sita, na akahesabu miche 537 iliyochipua humo. Ndege wa mwambao aitwaye Pluvialis fulva huruka kutoka Alaska hadi Hawaii bila kutua, karibu kilomita 4,800, kwa siku tatu hadi nne. Mbegu iliyokaa tumboni kwa saa chache huangushwa baharini, lakini mbegu ndogo ngumu zinaweza kubaki kwenye matumbo ya ndege wa namna hii kwa zaidi ya wiki, na iliyogandamana na tope haihitaji muda wa tumbo hata kidogo.

Mpangilio huu umeonekana ukitokea mbele ya macho ya watu. Kisiwa cha Surtsey kilizuka kusini mwa Iceland mnamo Novemba 1963. Mmea wa kwanza wenye maua ulionekana mwaka 1965, nao ni Cakile, mkazi wa fukwe uliokuja na maji. Kwa miaka 20 spishi ziliongezeka polepole mno. Kisha katikati ya miaka ya 1980 shakwe walianza kujenga viota kwa wingi, na kisiwa kikabadilika: shakwe walileta mbegu mpya, na kinyesi chao kikaleta naitrojeni ambayo mchanga wa volkano hauna. Mbegu zilizokuwa zikifika na kufa njaa zikaanza kuishi. Anayefikiri kwamba umbali ndio kizuizi pekee aiangalie Surtsey, iliyo kilomita 32 tu kutoka nchi kavu ya Iceland, na ambayo ilisubiri udongo zaidi kuliko ilivyosubiri mbegu.

Kizuizi kilicho ndani ya ua

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Okidi ni miongoni mwa familia kubwa kuliko zote za mimea ya maua, zikiwa na spishi zaidi ya 25,000, na mbegu zao ni vumbi linalopeperuka kwa pumzi. Kama kufika ndiyo kazi, Hawaii ingejaa okidi. Zipo spishi tatu tu za asili. Mbegu ya okidi haina akiba ya chakula, kwa hiyo ni lazima ikutane na kuvu maalumu ili iote. Ikishaota na kuchanua, nyingi hutegemea aina moja au chache za wadudu wa kuchavusha, na wadudu hao hawakuwepo.

Mitini inaeleza hivyohivyo kwa uwazi zaidi. Hakuna spishi hata moja ya jenasi Ficus iliyo ya asili Hawaii, ingawa ndege hula tini na kumwaga mbegu zake kila mahali katika tropiki. Kila spishi ya Ficus huchavushwa na nyigu wake mdogo anayezaliana ndani ya tini lenyewe. Mbegu ikifika bila nyigu, mti utakua, utazeeka na kufa bila mbegu. Ushahidi ulipatikana bila kutafutwa: mitini ya kigeni ilipandwa Hawaii na haikuenea, katika miaka ya 1920 nyigu wa baadhi ya aina wakaletwa kwa makusudi ili ipandwe misituni, na mitini hiyo ikaanza kujieneza yenyewe.

Mwaka 1955 mtaalamu wa mimea Herbert Baker aliweka kanuni ambayo bado ndiyo mwanzo wa mjadala huu. Mmea mmoja uliofika peke yake utaanzisha kizazi kwa urahisi zaidi ukiwa na uwezo wa kujichavusha, yaani chavua ya ua lake kukubalika na ovari yake. Mmea unaokataa chavua yake mwenyewe unahitaji mwenza, na mwenza yuko kilomita 3,000 nyuma. Kanuni hii ina mantiki, na inathibitika katika visiwa vingi: maua madogo, meupe au ya kijani, yaliyo wazi kwa mdudu yeyote, na yanayoweza kujichavusha, ni mengi visiwani kuliko barani.

Halafu ukiihesabu Hawaii vizuri unakuta jambo linalopingana nayo. Karibu asilimia 15 ya spishi za asili zina mimea ya kiume na ya kike iliyo mbalimbali, kama mpapai. Duniani kwa jumla kiwango ni asilimia 6 hivi. Mmea wa namna hiyo hauwezi kujichavusha kabisa. Ulifikaje, ukaanzaje?

Majibu ni mawili, na yote mawili ni ya kweli kwa koo tofauti. Baadhi ya wageni walikuja jinsia zao zikiwa zimekwisha kutengana, na hao aghalabu ni wenye matunda yanayoliwa na ndege: tunda moja hubeba mbegu kadhaa, ndege mmoja huzidondosha mahali pamoja, na kwa hiyo dume na jike huota karibu karibu. Wengine walifika na maua ya jinsia mbili, wakajichavusha, wakaenea, kisha gharama ya kuzaana wenyewe kwa wenyewe ikawabana: mbegu dhaifu, miche inayokufa mapema. Katika hali hiyo mmea wa kike tupu, ambao ni lazima upokee chavua ya nje, huzaa watoto wenye afya kuliko jirani yake anayejichavusha, na taratibu jinsia hutengana. Jenasi Schiedea ya Hawaii, yenye spishi zaidi ya 30 zilizotokana na mgeni mmoja, inaonyesha hatua hizo zote zikiwa hai hadi leo. Spishi za misitu yenye unyevu zina maua ya jinsia mbili. Zile za miteremko mikavu yenye upepo, ambako wadudu ni haba, nyingi zimetenganisha jinsia na huchavushwa na upepo.

Kwa hiyo kanuni ya Baker isomwe kama kanuni ya mlango wa kuingilia. Haituambii nini kitatokea baada ya miaka milioni moja.

Baada ya kufika

Mmea uliofaulu hujikuta mahali pasipo na washindani wake wa zamani, wala wadudu wake waharibifu, wala wanyama wakubwa wanaokula majani. Mbele yake kuna mazingira ya kila namna katika eneo dogo: pwani kame, msitu wa mvua, kinamasi cha mlimani, lava mpya, kilele chenye baridi ya usiku. Na kuna visiwa jirani vilivyopangwa kwa umri. Kauai ina takriban miaka milioni 5. Kisiwa kikubwa cha Hawaii hakijafikisha milioni moja. Mbegu huruka mara chache kutoka kisiwa kikuukuu hadi kipya, mara chache kiasi cha kutosha ili uzao wa huko ujitenge. Mwelekeo huo, kutoka kisiwa cha zamani kwenda kichanga, unaonekana katika koo nyingi.

Mfano unaochunguzwa kuliko yote ni kundi la spishi 30 hivi lenye jenasi Argyroxiphium, Dubautia na Wilkesia, katika familia ya alizeti. Yamo humo magugu yanayotambaa, vichaka, miti, mitambazi ya kupanda juu ya miti, na mimea ya majani ya fedha inayokaa miongo kadhaa kwenye vilele vya volkano, ikachanua mara moja, ikafa. Bruce Baldwin na wenzake walionyesha kwa DNA katika miaka ya 1990 kwamba zote zinatoka kwa babu mmoja wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, katika mimea midogo ya maua ya njano inayoitwa huko tarweed, yenye nywele za kunata. Unato huo ulifaa kwa kushika kwenye manyoya ya ndege. Babu huyo alikuwa tayari na seti mbili za kromosomu kutoka spishi mbili zilizochanganyika kabla ya safari; alikuja na akiba kubwa ya jeni za kuchezea, na nadhani hilo lina uzito katika kueleza utofauti wa uzao wake.

Visiwa vya Kanari na jirani zake vina spishi zaidi ya 20 za jenasi Echium zilizotokana na mgeni mmoja. Jamaa zao wa bara ni mimea laini ya msimu; hizi zina mashina ya mti, na Echium wildpretii ya Tenerife husimamisha shada la maua mekundu lenye urefu wa hadi mita 3. Galápagos ina Scalesia, pia wa familia ya alizeti, spishi 15 hivi, na mmojawao, Scalesia pedunculata, ni mti wa msituni unaofikia mita 15. Kwa nini mimea laini hugeuka mti visiwani? Yapo maelezo kadhaa yanayoshindana: mbio za kutafuta jua mahali pasipo na miti, hali ya hewa isiyo na baridi kali ya kuua shina, faida ya kuishi miaka mingi ukisubiri mchavushaji adimu, na ukame, kwa kuwa mirija ya shina la mti hustahimili mkatiko wa maji vizuri zaidi. Sioni haja ya kuchagua moja. Mmea wa kilele kikavu na mmea wa msitu wa ukungu huenda vilifika kwenye shina la mti kwa sababu tofauti.

Kinachojirudia kwa uhakika ni upotevu wa vifaa vya safari. Babu wa Bidens wa Hawaii alikuwa jamaa wa kishona nguo, akiwa na miiba ya kushika manyoya. Spishi nyingi za Hawaii zilizotokana naye zimepoteza miiba hiyo au zimebaki na vijiti visivyoshika kitu. Katika vichaka vya jenasi Scaevola, ile ya ufukweni ina tunda jeupe lenye tabaka jepesi linaloelea. Jamaa zake wa milimani wana tunda la zambarau lenye nyama, linalozama, linaloliwa na ndege wa msituni. Mbegu inayoruka mbali kwenye kisiwa kidogo huishia baharini, kwa hiyo wanaobaki kuzaa ni wale ambao mbegu zao huanguka karibu. Matokeo yake ni kwamba mgeni aliyekuja kwa safari ya maelfu ya kilomita ana wajukuu wasioweza kuvuka bonde moja. Na wasioweza kuvuka bonde hugawanyika kila bonde kivyake. Sifa iliyowaleta ikipotea, ndipo spishi zinapoongezeka.

Si kila kisiwa huzalisha makundi ya namna hii. Ullung, kisiwa kimoja cha volkano chenye umri wa takriban miaka milioni 1.8 mashariki mwa Korea, kina mazingira yasiyotofautiana sana. Huko karibu asilimia 88 ya spishi zisizopatikana kwingineko zimegeuka bila kugawanyika: mgeni mmoja, uzao mmoja, spishi moja mpya. Bila mabonde yaliyotengana na visiwa jirani, muda peke yake haugawi ukoo.

Wachavushaji wa dharura

Huko Madagaska okidi nyingi za jenasi Angraecum huchavushwa na nondo wenye ulimi mrefu, na ua lao lina mrija mrefu wa mbochi, yaani maji matamu ya ua, kwa ajili hiyo. Réunion iko karibu kilomita 700 mashariki. Okidi hizo zilifika huko, lakini baadhi ziliachana na nondo. Mirija yao ilifupika. Angraecum striatum na A. bracteosum huchavushwa na ndege wadogo wa jenasi Zosterops. Angraecum cadetii huchavushwa na nyenje, Glomeremus orchidophilus, anayetembelea maua usiku. Uchunguzi huo ulichapishwa mwaka 2010 na ulikuwa wa kwanza kumwonyesha nyenje kuwa mchavushaji wa kawaida wa ua.

Mauritius kazi hiyo imeshikwa kwa sehemu kubwa na mijusi wa kijani wa mchana, Phelsuma. Mimea miwili ya huko, Trochetia blackburniana na Nesocodon mauritianus, ina mbochi yenye rangi, ya njano katika ya kwanza na nyekundu katika ya pili, jambo lililo nadra sana kati ya mimea ya maua, na majaribio yameonyesha kwamba mijusi hao huipendelea mbochi ya rangi kuliko ile isiyo na rangi. Mmea mwingine, Roussea simplex, humtegemea mjusi wa jenasi hiyohiyo mara mbili: kuchavusha ua na kutawanya mbegu.

Namna ya kusoma ushahidi, na mahali unapopotosha

Ukoo wa mimea ya kisiwa hujulikana kwa kulinganisha DNA. Kama spishi zote za kisiwani zikikaa kwenye tawi moja, bila ya bara kati yao, mgeni alikuwa mmoja. Zikigawanyika katika matawi mawili yaliyotenganishwa na spishi za bara au za visiwa vingine, wageni walikuwa wawili. Scaevola za Hawaii ziligunduliwa kwa njia hiyo kuwa zimetoka kwa safari tatu.

Umri ndio unaoleta matatizo. Kosa la kwanza ni kudhani ukoo hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kisiwa unachoishi. Lobelia za Hawaii, spishi takriban 125 kutoka mgeni mmoja, zina umri wa miaka milioni 13 hivi, ilhali Kauai ina 5. Zilianzia visiwa vilivyo kaskazini-magharibi ambavyo leo vimemomonyoka na kubaki miamba midogo, zikaruka kisiwa hadi kisiwa kadiri kilichotangulia kilivyozama. Kosa la pili ni kinyume chake: kuchukua siku ukoo ulipoachana na jamaa wa bara kuwa ndiyo siku ya kufika. Ikiwa jamaa wa karibu zaidi wa bara ametoweka, tawi litaonekana la kale kuliko safari yenyewe. Kosa la tatu ni kusahau mchanganyiko. Spishi za visiwani huzaana kwa urahisi, na DNA ya kloroplasti, chembe za kijani za seli, inaweza kusema jambo moja na ya kiini cha seli jingine.

Ushahidi ukisomwa vizuri unaweza kushangaza. Acacia heterophylla ya Réunion inafanana mno na Acacia koa ya Hawaii, na kati yao kuna karibu kilomita 18,000. Kwa muda mrefu ilidhaniwa zote mbili zilitoka Australia kila moja kivyake. DNA, katika utafiti wa mwaka 2014, iliiweka A. heterophylla ndani ya A. koa: mbegu ilitoka Hawaii ikafika Réunion, yapata miaka milioni 1.4 iliyopita, kuna uwezekano mkubwa kwa ndege wa bahari.

Kinachoharibika, na kinachofanyika

Mimea isiyo na miiba wala sumu, yenye mchavushaji mmoja na mbegu zisizosafiri, haikujiandaa kwa mbuzi, panya, nguruwe na magugu. Miconia calvescens ililetwa Tahiti mwaka 1937 kama mmea wa bustani. Imefunika zaidi ya nusu ya kisiwa. Lakini uharibifu wa polepole zaidi ni ule wa ndoa za maua. Brighamia insignis ya Kauai ina mrija mrefu wa ua uliotengenezwa kwa nondo ambaye inaelekea hayupo tena. Kwa miaka mingi mbegu zake zimepatikana kwa mkono wa binadamu tu.

Kazi hiyo ya mkono ina utaratibu wake. Katika ukoo wa lobelia, alimo Brighamia, ua huwa la kiume kwanza, na baada ya siku kadhaa stigma, sehemu inayopokea chavua, hufunguka na ua kuwa la kike. Chavua huchukuliwa kwa brashi laini kutoka ua la awamu ya kwanza, huwekwa kwenye karatasi kavu pamoja na silika jeli, chembe zinazofyonza unyevu, na kama haitumiki siku hiyo hufungwa kwenye kichupa kisichopitisha hewa na kuwekwa kwenye jokofu. Chavua yenye unyevu huota ukungu na kufa. Inapakwa kwenye stigma iliyofunguka ya mmea mwingine, na ua hufungwa kibandiko chenye tarehe, mama na baba. Asiyeandika baba atapata mbegu nyingi mwaka huu na ndugu wanaozaana miaka kumi baadaye. Mbegu zikishakomaa zisitupwe tu kwenye friza ya nyuzi −18 kama ilivyo desturi ya hifadhi za mbegu: mbegu za lobelia za Hawaii hudumu vizuri zaidi kwenye nyuzi 5 hivi.

Kwenye Mauna Kea, mlima wa volkano wa Hawaii, ubaya wa mwanzo mwembamba ulionekana waziwazi. Mmea wake wa majani ya fedha ulikuwa umebaki michache kwa sababu ya kondoo na mbuzi, na mamia ya miche iliyorudishwa mlimani ilikuwa uzao wa mimea mama miwili tu. Spishi hii hukataa chavua ya mwenyewe, na ndugu wenye jeni zilezile za ukataaji hukataana pia. Maua yalikuwepo, mbegu zikawa haba. Tiba yake ilikuwa kupanda miamba, kuchukua chavua kutoka mimea ya porini iliyosalia, na kuipaka kwenye maua ya mimea iliyopandwa.

Hatari ya upande wa pili ni kuchanganya kupita kiasi. Bidens za Hawaii karibu zote huzaana zenyewe kwa zenyewe na watoto wao ni wazazi wazuri, kwa hiyo spishi mbili zikikuzwa katika kitalu kimoja mbegu zinazochumwa hapo si za kuaminika. Ziwekwe mbali, au maua yafunikwe kwa vifuko vya nyavu laini kabla hayajafunguka.

Na mara nyingine cha kufanya hakihusu ua lenyewe. Roussea ya Mauritius inakosa mbegu kwa sababu sisimizi wa kigeni, Technomyrmex albipes, hulinda vidung'ata wa unga ndani ya maua na kumfukuza mjusi. Trochetia blackburniana iliyo karibu na vichaka vya mkadi hupata matunda mengi kuliko iliyo mbali, kwa kuwa majani ya mkadi yenye miiba ndiyo makazi na kimbilio la mijusi. Anayerudisha Trochetia porini apande mkadi pembeni yake kwanza, ausubiri ufunge kichaka, ndipo alete miche.